Mwani wa kutoa dizeli kwenye ploti ya 50 kwa 100: ni kazi ama ni kware wengine?

#1 JiraniWaMabwawa

Hamjambo wadau. Nina ploti ya 50 kwa 100 huku Kamulu, imekaa miaka sita ikiota magugu, na anayeifaidi ni mbuzi wa jirani peke yake. Jumamosi rafiki alinialika mkutano kwenye hoteli moja mjini. Jamaa mwenye tai akatuonyesha picha za maji ya kijani yakizunguka kwenye mfereji mpana, akasema ule ni mwani mdogo usioonekana kwa macho. Unaukuza, unaukamua mafuta, mafuta yanageuzwa dizeli. Hektari moja, lita 136,900 kwa mwaka! Michikichi ni lita 5,950, na mbono kaburi haufikishi hata 2,000. Mafunzo ni elfu kumi na tano. Mbegu, yaani chupa moja ya maji ya kijani, ni elfu nane.

Nilipiga hesabu kwenye matatu nikirudi. Ploti yangu ingetoa kama lita 17 kwa siku. Kwa ile bei ya dizeli ya Oktoba 2023, 205.47 hapa Nairobi, hiyo ni zaidi ya elfu tatu kila siku. Usiku sikulala.

Ila kuna kitu kinanikwaruza. Nikienda mjini napita karibu na mabwawa ya maji taka ya Ruai. Yale maji ni ya kijani mwaka mzima, na hakuna aliyenunua mbegu ya elfu nane. Kama hicho kijani ni mafuta, mbona hakuna anayekikamua?

#2 MakangaMstaafu

Chupa ya maji ya kijani elfu nane? Nina tangi juu ya paa halijaoshwa tangu 2019. Njoo na mtungi wako, kwako ni elfu nne.

#3 YaiLaMwisho

Bosi, mimi nilifuga kware 2013. Nilijenga banda, nikatafuta leseni ya wanyamapori, nikauza mayai machache kwa bei ya maajabu kwa watu walioambiwa yanatibu kila kitu. Kufikia katikati ya mwaka uliofuata nilikuwa nakula kware asubuhi, mchana na jioni. Waliopata pesa ni walioniuzia vifaranga.

Swali langu ni moja tu. Huyo wa tai, gari lake linatumia dizeli ya nani?

#4 JiraniWaMabwawa

#3 nimecheka lakini umeniuma. Alikuja na teksi.

#5 MwalimuKemia

Habari zenu. Nimefundisha kemia miaka kumi na tisa, hebu tupime maneno ya huyu bwana.

Hiyo 136,900 hakuitunga yeye. Inatoka kwenye makala ya Yusuf Chisti ya mwaka 2007, ambayo karibu kila anayeandika kuhusu jambo hili huitaja. Lakini jedwali lile lina mistari miwili ya mwani. Mmoja unachukulia kwamba asilimia 70 ya uzito mkavu ni mafuta, ndio unaotoa 136,900. Mwingine unachukulia asilimia 30, unatoa 58,700. Mwenye tai alisoma mstari mtamu akafunga kitabu.

Tushuke sasa hadi Kamulu. Bwawa la wazi, lenye kina cha sentimita 20 hadi 30 na gurudumu la kuyazungusha maji, likitunzwa vizuri hutoa gramu 10 hadi 25 za mwani mkavu kwa kila mita ya mraba kwa siku. Tumpe ndugu yetu 20. Ploti yake ni mita za mraba 464, tukijifanya haina njia, choo wala ukuta. Anapata kilo 9.3. Mafuta tuseme asilimia 20, ni kilo 1.86. Hiyo ni lita mbili kwa siku, si 17.

#6 JiraniWaMabwawa

Mwalimu, lita mbili ni mia nne na kidogo. Kibarua wa kulinda atazila zote kabla sijanunua mbolea.

#7 BintiShimoni

Samahani nyote, mie wa pwani naona mambo yamechanganywa. Mwani ni ule wa baharini. Mamangu mdogo yuko Kibuyuni, yeye na kina mama wenziwe wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba, maji yakitoka wanashuka kuvuna, wanaanika, wanauza kilo kwa kilo. Sijamsikia hata siku moja akizungumzia mafuta. Unaotoka mle ni utomvu wa kugandisha vyakula na dawa ya meno. Hicho cha kwenye matangi yenu huku Nairobi ni ukoga tu.

#8 MwalimuKemia

#7 asante dada. Vyote huitwa mwani, ila wa Kibuyuni ni mkubwa wa kushikika na mafuta yake ni kidogo mno. Huu mwingine ni chembe mojamoja. Klorela, kwa mfano, ukigawa milimita moja mara elfu, upana wake ni vipande vichache tu, na kila chembe inajikuzia mafuta yake yenyewe.

#9 BintiShimoni

Basi viiteni vimwani, tusiwatukanie kina mama jina lao.

#10 FundiNoseli

Vimwani imepita. Wale wa utomvu waende pwani.

Mimi ni fundi wa pampu na noseli, Kariobangi Light Industries. Sijui vimwani lakini dizeli ya mafuta ya mimea nimeipika kwa mikono yangu. 2012 nilikuwa nakusanya mafuta yaliyochoka kutoka vibanda vya chipsi. Unayachuja, unayapasha moto, unachanganya methanoli na kostiki soda pembeni, unamimina, unakoroga, unaacha yatulie usiku. Asubuhi chini kumekaa gliserini nyeusi kama molasi, juu kuna dizeli ya rangi ya chai. Kila kilo mia ya mafuta inataka kama kilo kumi za methanoli na inakuachia kama kilo kumi za gliserini. Hesabu ni safi kabisa.

Tatizo ni maji. Mafuta yakiwa na unyevu kidogo, au yakiwa yamekaangiwa hadi yamechacha, hupati dizeli. Unapata sabuni. Pipa zima la lita 200 liligandia mkononi mwangu. Mke wangu alifulia miezi mitatu.

Na pikapu niliyoitilia ilikuwa ya zamani, mipira yake ya mafuta ikalainika kama chapati ya jana. Halafu filta ikaziba, kwa sababu dizeli ya namna hii inasafisha uchafu wote uliolala tangini miaka na kuuleta mbele. Baada ya filta mbili ikaenda vizuri sana, ukipita nyuma yake unasikia njaa.

Sasa swali kwa mwalimu: mimi nilisumbuliwa na maji ya viazi. Hao vimwani wanaishi ndani ya maji. Mnayatoaje?

#11 MwalimuKemia

Fundi, umegusa jipu lenyewe. Kwenye bwawa la wazi, lita moja ya maji ina kama nusu gramu ya mwani. Ili ndugu yetu apate zile kilo 9.3, kila siku lazima apitishe lita 18,600 za maji mahali fulani. Kitambaa hakizuii klorela, inapita kama moshi. Kwa hiyo unatumia mashine ya kuzungusha kwa kasi, sentrifuji, inayokula stima. Au unatia shabu ili chembe zishikane zizame, kisha shabu inabaki kwenye mwani wako. Ukishapata uji mzito bado una maji mengi kuliko mwani, sasa ukaushe. Halafu kuta za chembe ni ngumu, uzipasue. Kisha heksani ya kuyeyusha mafuta, na heksani inashika moto kwa kutazamwa tu.

Ndiyo maana nasema vimwani vyenyewe havina shida. Shida ni kuvitenga na maji kwa gharama ndogo kuliko thamani ya lita mbili.

#12 MamaBauza

Nauza maji Joska na Kamulu. Hilo bwawa la ploti nzima linaingia lita ngapi?

#13 MwalimuKemia

Kina cha sentimita 25, ni lita 116,000 kulijaza. Halafu jua. Huku kwetu maji ya wazi hupoteza kama milimita 4 hadi 5 kwa siku kukiwa kukavu. Kwa eneo lile ni kama lita 2,000 zinazopaa kila siku, mvua isiponyesha.

#14 MamaBauza

Bauza langu ni la lita 10,000. Safari kumi na mbili za kujaza, halafu mitungi mia ya lita 20 kila siku ya Mungu kwa ajili ya lita mbili za dizeli. JiraniWaMabwawa, mteja wangu, nambari yangu uko nayo. Usiwasikilize hawa, lima mwani.

#15 MakangaMstaafu

😂😂 Na bauza lenyewe linatumia dizeli.

#16 MchunguziWaSiri

Mnacheka tu. Jiulizeni kwa nini kampuni kubwa ya mafuta ilijiingiza. ExxonMobil 2009 walitangaza hadi dola milioni 600 za vimwani, wakishirikiana na kampuni ya Craig Venter, yule wa kusoma jeni za binadamu. 2023 wakajitoa kimyakimya. Ukitaka kuua kitu unakinunua, unakiweka kabatini. Rudolf Diesel mwenyewe aliendesha injini yake kwa mafuta ya njugu huko Paris 1900, baadaye akatupwa baharini. Fikirieni.

#17 MhasibuWaUsiku

#16 punguza. Kwanza, ile injini ya Paris ilionyeshwa na kampuni ya Otto kwa ombi la serikali ya Ufaransa, na Diesel mwenyewe ndiye aliyeandika hivyo baadaye. Pili, alipotea melini 1913 akivuka kwenda Uingereza akiwa na madeni mpaka shingoni. Labda alitupwa, labda alijitupa. Njugu hazihusiki.

Kuhusu Exxon, maelezo yangu ni mepesi: bei. Katikati ya 2014 pipa la mafuta ghafi lilikuwa zaidi ya dola 100. Januari 2016 likashuka chini ya 30. Nani atakamua chembe mojamoja wakati Waarabu wanafungua mfereji tu? Solazyme ya Marekani, iliyokuwa nyota wa biashara hii, ilibadili jina ikawa TerraVia, ikahamia vyakula, na 2017 ikafilisika. Mwani wenyewe haujabadilika, kilichobadilika ni bei ya pipa.

#18 MchunguziWaSiri

Solazyme hao hao ndio waliorusha ndege ya abiria kutoka Houston hadi Chicago Novemba 2011. Ndege! Wewe unaniambia haiwezekani kuendesha matatu ya Rongai?

#19 MwalimuKemia

Ilikuwa mchanganyiko, asilimia 40 ya mafuta ya mwani na iliyobaki ya kawaida. Na jambo ambalo watu husahau: mwani wa Solazyme haukuota juani. Ulifungiwa gizani kwenye matangi ya chuma ukalishwa sukari. Yaani ni kama pombe. Sukari inaingia, mafuta yanatoka. Ukifanya hivyo Kenya utagombania sukari na chai ya watu.

#20 MhasibuWaUsiku

Na sukari yenyewe tunaagiza.

#21 MzeeWaMbono

Vijana, salamu. Nimewasoma toka juu.

Miaka ya themanini tulitiliwa spiriti ya molasi kwenye petroli, ikitoka Muhoroni. Tukaambiwa tumeachana na Waarabu. Ikaisha. 2008 wakaja Kitui watu wenye magari meupe, mbono kaburi, mti usiotaka maji, usioliwa na mbuzi, dhahabu ya kijani. Nilipanda eka tatu palipokuwa na pojo na mtama. Mti ulikua, hilo sikatai. Ulizaa punje za kujaza kofia. Ukitaka uzae unataka maji na mbolea kama mhindi. Aliyeahidi kununua hakurudi. Mwaka uliofuata ikatoka ripoti ya watafiti wa misitu pamoja na Wajerumani ikisema mbono haumlipi mkulima mdogo shambani, labda awe ua tu. Mimi nilishaupanda uani na shambani.

Siku hizi naona Makueni wanakusanya nyonyo, kuna kiwanda cha Waitaliano cha kukamua tangu 2022, mafuta yanapelekwa Italia. Labda hao watafika. Lakini angalieni mtindo: kila mara shamba ni letu, injini ni ya mwingine.

#22 YaiLaMwisho

Shikamoo mzee. Sisi wa kware tuwe na chama kimoja na nyinyi wa mbono.

#23 MzeeWaMbono

Marahaba. Mwenyekiti ni mimi.

#24 DadaSpirulina

Jamani mbona hakuna aliyeita wenye mwani kwenye uzi wa mwani? Mimi nina matangi manne ndani ya banda la plastiki Kitengela, mwaka wa tano huu. Spirulina.

Kabla #8 hajanisahihisha: ndiyo, kwa wataalamu spirulina ni bakteria wa kijani-buluu, si mwani halisi. Wateja wangu hawajali. Ndiyo hiyo hiyo flamingo walikuwa wanakula Nakuru mpaka wanapata ile rangi ya waridi, kabla ziwa halijafurika chumvi ikapungua wakahamia Bogoria. Ndiyo hiyo wanawake wa Kikanembu pale Ziwa Chad huvuna, wanaianika mchangani ikawa vipande wanavyoviita dihé, wanaweka kwenye mboga.

Mambo matatu nimeyajua kwa kuumia. La kwanza, spirulina inapenda maji ya magadi, pH ya 10 hivi. Wadudu wengi hawawezi kuishi humo, kwa hiyo inajilinda. Klorela inataka maji ya kawaida, ambayo kila kiumbe anayapenda. La pili, spirulina ni uzi uliojisokota, unakaa kwenye kitambaa cha kuchujia. Navuna kwa kitambaa na mikono, hakuna sentrifuji. La tatu, na hapa JiraniWaMabwawa nisikilize: mafuta ndani yake ni asilimia tano hadi nane hivi. Protini ni kama sitini. Gramu mia za unga wangu nauza bei ya kununua lita kadhaa za dizeli. Nani atachukua kitu kama hicho akichome kwenye matatu?

#25 JiraniWaMabwawa

Dada Spirulina, kwa hiyo nibadili, nilime ya kula?

#26 DadaSpirulina

Sikusema hivyo. Miaka miwili ya kwanza nilikuwa nauzia mama yangu na kanisa. Soko ni dogo, na kila anayeingia analigawa. Nakuuzia kitabu changu cha makosa bure: anza na beseni.

#27 MtotoWaRuai

Swali la #1 limeachwa na watu wa hesabu. Nimekulia Ruai, baba alikuwa mlinzi mabwawani miaka mingi, acha niwaambie yale ni nini.

Maji taka ya sehemu kubwa ya Nairobi yanashuka kule kwa bomba. Bwawa la kwanza ni refu kwenda chini, jeusi, linatoa mapovu, pua inakufa. Linalofuata ni pana na la kina kifupi, hapo ndipo kijani kinaanza. Kile kijani hakikupandwa na mtu. Kinajiotea kwa sababu chakula kipo tele, na kina kazi: mchana kinatoa oksijeni, bakteria wanaitumia kula uchafu, bakteria nao wanatoa hewa ya ukaa, kijani kinaila. Kisha maji yanahama bwawa hadi bwawa mpaka mtoni, yaende Athi, yatokee Sabaki kule Malindi. Kuna ndege wa kila aina, wazungu wanakuja na darubini. Kuna viboko pia. Mwenye mpango wa kuweka mashine ya kukamua aje kwanza aongee na viboko.

Kwa nini hayakamuliwi? Kwa maoni yangu, vile ni vimwani vya makabila mia, hakuna aliyevichagua. Na vimeshiba. Nilisoma mahali kwamba kimwani kilichoshiba hakijengi mafuta.

#28 MwalimuKemia

#27 umesema kweli, na hapo kuna kejeli. Kimwani hujaza mafuta kinaponyimwa naitrojeni. Kikikosa cha kujengea protini, kinaweka akiba ya mafuta. Lakini kikinyimwa hakikui. Ukikilisha, kinakua bila mafuta. Ukikinyima, kinanenepa bila kukua. Maji taka ya Ruai yana naitrojeni ya kumwaga.

#29 MakangaMstaafu

Kunyimwa na kunenepa? Hicho kimwani ni mimi Januari.

#30 MhasibuWaUsiku

Napinga #27 kidogo. Nyuzilandi waliwahi kukamua kijani cha mabwawa ya maji taka, kule Marlborough, mwani wa makabila yote hivyo hivyo. Kampuni iliitwa Aquaflow. Desemba 2006 waziri wao aliendesha gari mbele ya wanahabari, asilimia 5 ya mafuta ikiwa ya vimwani. Kwa hiyo inawezekana. Swali ni kwa bei gani, na narudi palepale kwangu.

#31 MtotoWaRuai

Asilimia 5! Hata mimi nikitia kijiko cha samli kwenye tangi naweza kuita wanahabari.

#32 FundiNoseli

Hahaha. Ila #31 usidharau, injini haijali asilimia 5, hilo ni jambo zuri. Mimi kinachonitia hofu ni aina ya mafuta. Ukiyaacha kwenye hewa yanakuwaje?

#33 MwalimuKemia

Swali la fundi halisi. Mafuta ya vimwani vingi yana viungo vyenye uwazi mwingi, yaani nafasi ambazo oksijeni hujishikiza, ndugu wa mafuta ya samaki. Ni mazuri kwa moyo lakini yanashikwa na oksijeni upesi, yanakuwa gundi. Kipimo cha Ulaya cha dizeli ya namna hii, EN 14214, kinaruhusu asilimia 1 tu ya viungo vyenye uwazi wa mara nne na zaidi. Upande wa pili kuna mafuta ya mawese: hayaharibiki upesi, ila dizeli yake inaganda baridi ikishuka kama kwenye nyuzi 15. Julai hii hii Limuru asubuhi ungeisukuma gari.

#34 MtuWaArusha

Wakuu, nachungulia kutoka jirani. Hapa ndugu zangu mnaangalia mafuta tu. Hispania, mji wa Chiclana, walilima vimwani kwa maji taka, wakaacha habari ya mafuta kabisa. Waliviozesha vyote vikiwa vibichi, gesi iliyotoka wakaisafisha, wakaendeshea magari. Hakuna kukausha, hakuna heksani. Nyie na Ruai yenu mngefanya hivyo.

#35 MwalimuKemia

Hilo ndilo linaloniingia akilini kuliko yote humu. Sina la kuongeza.

#36 MtotoWaRuai

Mimi ninalo. Hayo maji yana mwenyewe. Kuna kampuni ya maji, kuna kaunti, kuna watu wa mazingira. Ukitaka hata ndoo utajazishwa fomu mpaka vimwani vizeeke. Hilo nalo ni jibu la #1, na hakuna aliyelisema.

#37 MchunguziWaSiri

Mnaona? Nilisema kuna watu.

#38 MhasibuWaUsiku

Fomu si njama, ndugu yangu. Ingekuwa njama ingefanywa haraka.

#39 MsomiAliyechoka

Nimekuja kuchelewa. Mradi wangu wa mwaka wa nne ulikuwa huu huu, klorela, katika chuo ambacho sitakitaja kwa sababu bado nawadai cheti. Chupa kumi za maji za lita tano, pampu ya hewa ya samaki, dirishani. Wiki mbili kijani safi, napiga picha, namtumia mama. Ijumaa stima ikapotea, pampu ikasimama. Jumatatu chupa sita zimezama, maji meupe juu, matope chini. Nne zilizobaki nikavuna kwa mashine ya maabara. Gramu tatu kavu. Msimamizi akaniuliza mafuta yako wapi, nikamwonyesha mng'aro kwenye chupa.

Kwa wanaosema jua la ikweta litatuokoa: Wamarekani walikuwa na mpango wa serikali tangu 1978 hadi 1996, kama dola milioni 25, walikusanya aina 3,000 za vimwani. Walichimba mabwawa Roswell, jangwani, jua tele. Kilichowarudisha nyuma huko ni baridi ya usiku. Sasa fikirini Nairobi ya Juni na Julai, mawingu hadi saa saba mchana na usiku unavaa sweta mbili.

#40 DadaSpirulina

Ndiyo maana banda la plastiki. Julai mavuno yangu hupungua karibu nusu hata nikiwa ndani.

#41 JiraniWaMabwawa

Wiki tatu baadaye, nimerudi. Sikulipa elfu kumi na tano. Nilimfuata #2 kweli, akanipa mtungi bure, asante mzee. Nikachukua chupa tatu za lita 20 zile za kupitisha mwanga, maji ya bomba yaliyokaa siku mbili, ncha ya kijiko ya urea, na maji ya tangi la makanga. Nikaziweka kwenye ploti, ukutani upande wa jua.

Siku ya tano kijani hafifu. Siku ya nane kijani cha sukuma wiki, nikaanza kumwambia kila mtu. Siku ya kumi na moja chupa ya kwanza na ya pili zimekuwa maji meupe, na ukiangalia kwa makini kuna vidoti vinaogelea. Ya tatu bado kijani. Nini kimetokea?

#42 MwalimuKemia

Rotifa, karibu nina hakika. Ni vijidudu vinavyokula vimwani. Chupa moja ikivipata, kwa siku mbili tatu shamba limelimwa.

#43 MsomiAliyechoka

Pole. Karibu kwenye chama cha kware na mbono.

#44 DadaSpirulina

Hivyo ndivyo maji ya kawaida yanavyofanya. Ungetia magadi. Lakini magadi na mwani wa tangi la makanga hawapatani.

#45 FundiNoseli

Ya tatu usiimwage. Ichuje, ikaushe, uniletee hata kama ni nusu kijiko. Nataka tu kuona inawaka rangi gani.

#46 MamaBauza

Hiyo ploti unauza?

#47 JiraniWaMabwawa

Siuzi.

Fundi, samahani. Nimefika leo asubuhi, chupa ya tatu imeangushwa kifuniko kikatoka. Mbuzi wa jirani amekunywa karibu yote.

#48 BintiShimoni

Maskini! Mbuzi mzima?

#49 JiraniWaMabwawa

Mzima. Ameendesha kidogo tu tangu saa nne.

#50 MakangaMstaafu

Ameendesha? Basi mafuta yalikuwemo.